Kaseti ya Kwaya Iliyozama

Siku yangu ya kwanza kazini, walinzi wa mlangoni walidhani nimemletea mtu chakula. Ilikuwa televisheni ndogo ya hapa Kalemie, ambayo siku hizi haipo tena, na atelie yake, yaani chumba cha kutengenezea vyombo, ilikuwa nyuma ya jengo, upande wa ziwa. Shefu wa Atelie, yaani mkuu wa mafundi, alinikuta nimesimama kizingitini na cheti changu cha shule ya ufundi mkononi. Hakukisoma. Alitazama vidole vyangu.

“Nawa mikono kwanza,” akasema. “Na sabuni. Mafuta ya mukono njo sumu ya kichwa.”

Kwa Kiswahili cha kwetu, “njo” ni “ndiyo”. Nilinawa. Kisha alinifungulia kamera moja mbovu, akanionyesha hicho kichwa. Ndani ya kila kamera ya kaseti ndogo za dijitali mna ngoma ya chuma, ndogo kama kifuniko cha chupa, inayozunguka kwa kasi mno. Pembeni mwa ngoma hiyo vimepachikwa vichwa vya kusomea, na hivyo ndivyo vinavyogusa ukanda wa kaseti na kuitoa picha. Ukivigusa kwa pamba, uzi mmoja ukinasa, kamera imekufa. Sisi tulitumia ngozi laini iliyoloweshwa alkoli, ngozi inakaa palepale, ngoma ndiyo inayozungushwa taratibu kwa kidole. Nilifanya kazi hiyo wiki nyingi kabla ya kuruhusiwa kushika bisibisi.

Shefu hakuwa mtu wa kusifu. Alikuwa amezaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, na aliongea kama mtu anayeogopa kuchelewesha treni. Jambo alilolirudia sana ni hili: kaseti za zamani, zile kubwa, zikiugua bado zinakuonyesha kitu. Picha inacheza, inapauka, lakini sura ya mtu unaiona. Kaseti ya dijitali haina huruma hiyo. Picha yake imeandikwa kwa hesabu, na hesabu ikipotea picha inavunjika vipande vya mraba, kisha inakuja nyeusi. “Inakupa ama inakunyima,” alisema. “Haina katikati.”

Baadaye nilipelekwa Kongolo, kwenye misheni iliyokuwa na chumba cha picha na sauti. Padri Msimamizi alikuwa amejaza kabati zima kaseti za ndoa, za upadrisho, za mahafali ya shule. Huko nilijifunza ugonjwa wa unyevu. Kaseti iliyokaa karibu na maji mengi inaota kuvu, vumbi jeupe kwenye kingo za ukanda, na safu moja inashikana na nyingine. Ukiiingiza hivyo kwenye mashine, ukanda unakatika na kuvu inahamia kwenye vichwa. Kwa hiyo tulizikausha kwanza ndani ya debe lenye mchele mkavu, siku kadhaa, tukafungua ganda, tukausafisha ukanda kwa mkono, kidogo kidogo. Padri alikuja kutazama, akauliza, “Mama Rejina, hii yote kwa ndoa ya watu wawili ambao wameachana?” Niliendelea kusafisha. Aliondoka akicheka, kesho yake akaniletea mchele mwingine.

Niliporudi Kalemie, atelie ilikuwa imefungwa. Shefu alikuwa amekwisha kufariki. Watu walirekodi kwa simu na kadi, na Mkurugenzi mpya wa televisheni aliamuru kaseti zitupwe shimoni. Aliniruhusu nichukue kamera kuukuu kama nazitaka. Nilizichukua zote, nikapanga chumba karibu na stesheni. Nilizigawa hivi: zinazoweza kupona, na zinazokufa ili kuponya nyingine. Mpira wa kusukuma ukanda ulitoka huku, mkanda mdogo wa mota kule. Umeme kutoka mitambo ya maji ya Bendera ulikuja na kukatika, na ukikatika katikati ya kazi ukanda unabaki umezungushiwa ngoma kama mguu kwenye mtego, kwa hiyo nilitumia betri za gari. Watu walileta ndoa, ubatizo, na mara nyingi kuliko vyote, sura za waliokufa. Nilihamisha picha kutoka kwenye kaseti kwenda kwenye kompyuta, wao wakaenda nazo kwenye simu zao.

Kaseti ninayotaka kuwasimulia ililetwa na Mama Vumilia. Yeye alikuwa kiongozi wa kwaya ya parokia. Kwaya hiyo ilikuwa imealikwa kuimba katika kijiji kimoja kusini mwa ziwa, yeye akabaki nyumbani kwa malaria. Wakati wa kurudi upepo ukavuma, mtumbwi wa mota uliokuwa umejaa kupita kiasi ukazama. Walipona wachache. Aliyekuwa akiwapigia picha siku zote alizama nao. Mjane wake ndiye aliyeikuta kaseti ndani ya sanduku la nguo: sikukuu ya kwaya, miaka mingi nyuma, karibu wote wakiwemo, wangali vijana.

Mama Vumilia alikuja na mzee mmoja, Papa Mulonda, mstaafu wa bandari. Mtoto wake Damas, aliyezama na wenzake, aliimba sauti ya nne, ile nzito ya chini.

Niliifungua kaseti. Kuvu ilikuwa imeingia mpaka ndani. Na kamera niliyobaki nayo, ile moja tu iliyokuwa bado inasoma, vichwa vyake vilikuwa vimelika. Niliwaambia ukweli. “Ukanda huu nitausafisha. Lakini mashine yenyewe imechoka. Inaweza kufika mwisho, inaweza kufia njiani. Na kila ikipita, inaukwangua ukanda. Sitaurudisha nyuma kujaribu mara ya pili.”

Papa Mulonda aliuliza, “Damas iko wapi humo ndani?”

Mama Vumilia alikuwepo siku ile ya sikukuu, akakumbuka. “Mwishoni tu, Papa. Siku ile Damas alichelewa. Wimbo wa mwisho njo wa sauti za wanaume. Wale wengine wote wako mwanzoni.”

“Sasa, mashine haiwezi kuanzia mwisho?”

Nikamjibu kwamba inaweza. Ningeuzungusha ukanda kwa mkono mpaka huko. Lakini nikianzia mwisho na mashine ikafa, familia nyingine zote zingekosa.

Mama Vumilia alikuwa akitazama sakafu. Najua alichokuwa akikiogopa, kwamba angeulizwa yeye achague, yeye aliyekwisha kubaki hai kwa sababu ya homa. Papa Mulonda alivua kofia yake, akaifuta jasho la ndani kwa kitambaa, akaivaa tena.

“Anza na watoto wa wenzangu,” akasema. “Ni wengi.”

Nilianza asubuhi, baada ya kuukausha na kuusafisha ukanda. Wote wawili walikuwepo. Picha ya kwanza ilikuwa uwanja wa parokia, mabinti wamevaa vitenge vya aina moja, wanacheka kwa sababu mmoja amekosea hatua. Mama Vumilia alitaja jina la kila aliyepita kwenye kioo, kwa sauti ndogo, kama mwalimu anayeita majina darasani. Vipande vya mraba vilikuja na kupotea. Wimbo mmoja ukaisha, na mwingine. Tulikuwa tumevuka zaidi ya nusu wakati kioo kilipoingia weusi, kikarudi, kikaingia weusi tena na kubaki hivyo. Nilisimamisha mashine. Nilivisafisha vichwa, nikajaribu ukanda mwingine nisiouonea uchungu. Haikusoma kitu.

“Imekufa?” Papa Mulonda aliuliza.

“Imekufa, Papa. Kaseti yako iko nzima. Nitatafuta kichwa kingine.”

Familia nyingine zilikuja kuchukua picha zao. Baadhi walikaa kwenye benchi langu wakalia hapohapo, simu mkononi. Papa Mulonda alikuja pia, karibu kila Jumapili baada ya misa, na hakuuliza neno. Alisalimia, akakaa kidogo, akaenda. Mimi nilituma salamu Kigoma, Uvira, Bujumbura, kwa kila mfanyabiashara aliyevuka ziwa. Waliniletea kamera tatu zilizokufa zaidi ya yangu. Masika yakapita. Mwishowe mama mmoja muuza dagaa akaleta kutoka Kigoma kamera iliyokuwa imewekwa kwenye duka la fundi kama pambo. Vichwa vyake vilikuwa karibu vipya. Nilivihamisha, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulifanya bila Shefu kusimama nyuma yangu.

Nikamwita Papa Mulonda. Mama Vumilia akaja naye.

Wimbo wa mwisho ulikuwepo, mzima, bila mraba hata mmoja. Lakini mpiga picha alikuwa amewachoka waimbaji. Kamera iliwageukia wageni waliokuwa wakila. Tuliona sahani za ugali na samaki, mtoto anayelala begani kwa mama yake, mbwa. Wanaume waliimba nyuma ya kamera, na haikuwageukia mpaka kaseti ikaisha.

Nilitaka kuomba radhi, na sikujua kwa niaba ya nani.

“Rudisha,” Papa Mulonda akasema. Picha ilikuwa sasa imo kwenye kompyuta, kwa hiyo nilirudisha. Alifumba macho. Katikati ya wimbo akainua kidole. “Ile njo yeye. Ile ya chini. Unasikia?”

Nilisikiliza kwa makini yangu yote. “Sisikii, Papa. Nasikia wanaume wengi.”

“Si kitu,” akasema. “Wewe haukumuzaa.”

Nikamwekea ile sauti peke yake kwenye simu yake, akashukuru, akaenda zake kwa miguu.

Sasa nimepumzika. Macho yamekuwa mazito, na vidole havitulii vya kutosha kugusa ngoma. Vijana mnaponiuliza kazi hii ilikuwaje, najua mnategemea niseme iliponya watu. Wengine walirudi kuniambia kwamba baada ya kuona hawakulala vizuri tena. Na hizo kompyuta na simu nilikohamishia picha nazo zinakufa, haraka kuliko kaseti, na sijui fundi gani atazifungua. Bado watu wanakuja na kaseti mlangoni. Nawaambia wazikaushe, wazifunge vizuri, wasizirudishe nyuma wala mbele. Zaidi ya hapo sina.

Msiba wa Papa Mulonda ulinikuta tayari nimefunga chumba. Tuliporudi kutoka makaburini tukakaa uani, na binti yake mkubwa akaiweka simu ya marehemu katikati ya viti, akaufungulia ule wimbo. Wanaume wa kwaya waliimba mpaka mwisho. Yule binti akaja, akachutama mbele yangu, akaniuliza kwa heshima, “Mama Rejina, wewe ulitengeneza hii. Sauti ya kaka yangu njo ipi?”

Nikamwambia sijui. Aliyejua tulikuwa tumetoka kumzika.