Radi Wawili wa Malinya

Karani wa mapigano ya fahali hapa Malinya hupangusa vidole kwenye leso kabla ya kugusa kompyuta, kisha huisoma programu yake mstari kwa mstari kwa sauti ya chini, kama anayesali. Majina ya fahali alikuwa ameyaweka kwenye seti ndani ya programu hiyo, kwa kuwa seti haipokei jina moja mara mbili, naye hakutaka fahali aandikishwe mara mbili. Jumamosi iliyopita mzee Shikanga alifika na fahali wake, Radi, akakuta hayumo kwenye ratiba.

"Madam, nimetembea naye tangu alfajiri! Hii kompyuta yako inakulanga ng'ombe?"

Watu wakacheka. Karani alikagua, akaona Radi mwingine, wa mfugaji aitwaye Lazarus, ameandikishwa kwanza, na seti ikalikataa jina la pili.

"Kosa ni langu, mzee, si la kompyuta," alisema, kila mtu akisikia. "Sikufikiria Radi wawili."

Ngoma za isukuti zikiwa zimeanza, aliandika kamusi badala ya seti: kila jina la fahali, na mbele yake orodha ya wenye fahali wa jina hilo. Akasoma, akabonyeza. Radi wa Shikanga akatokea, pambano la tatu.

"Na wakija Radi kumi?" mzee akauliza.

"Orodha haijai, mzee. Walete."