Bunduki Juu ya Rundo la Sumu

Wiki jana nilikuwa Masara, serikali ikizoa mchanga wa machimbo uliojaa zebaki, ile dawa ya kunasia dhahabu inayotetemesha watu mikono. Ofisa aliurundika kungoja lori, akaweka askari mwenye bunduki. Asubuhi nusu ya rundo haipo, wanawake wanauosha upya kwa makarai wakisaka dhahabu.

"Si niliwaambia ni sumu!" ofisa akafoka.

Mama mmoja akamcheka. "Nyathina, mwanangu, sumu inalindwa na bunduki?"

Ofisa akakuna kichwa, akamwondoa askari. Papo hapo mama na wenzake wakarudisha mchanga wao rundoni. "Sasa tumeamini," mama akasema.

Lori lilikuta rundo zima, halina mlinzi. Sisi wa huku, mkubwa akisema, huangalia kwanza askari wake amesimama wapi.