Tangawizi Ndani ya Pai ya Klabu

Pai ya nyama na viazi ya Waingereza haina siri. Ni nyama ya ng'ombe, viazi, vitunguu maji, chumvi, pilipili manga nyeupe na maji. Juu yake unafunika unga uliochanganywa na siagi na mafuta ya ng'ombe. Basi. Mtu akikuambia ina kitu kingine, anataka kukuuzia. Nimeipika miaka mingi hapa Dubai, kwanza kwenye nyumba ya watu, sasa kwenye jiko langu mwenyewe huku Dubai Investments Park, katikati ya viwanda na maghala, na nakwambia kutia viungo kila mtu anaweza. Kazi ni kuuzuia mkono usitie.

Aliyenifundisha ni madam mmoja wa kaskazini ya Uingereza, mwanamke mfupi mwenye mdomo mkali kuliko wangu. Siku ya kwanza alinikuta nimeikamulia nyama ndimu, nimeiosha mara tatu, nimeibandika na tangawizi na kitunguu thomu. Ndivyo tulivyolelewa Tanga. Nyama isiyooshwa ina shombo, na nyama isiyo na tangawizi hupewa mgonjwa. Madam akachungulia sufuriani, akaniuliza hiyo nyama imefanya kosa gani hata nikaiadhibu hivyo. Tuliila sisi watumishi, na ilikuwa tamu. Kesho yake akasimama nyuma yangu mwanzo mpaka mwisho, na kila mkono wangu ulipokwenda kwenye kikapu cha viungo aliugonga kwa mwiko, kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi. Ilinichukua mwaka mzima kuizoeza mikono yangu.

Kwake nilijifunza kwamba viazi hukatwa namna mbili. Nusu vidogo sana, viyeyuke viushike mchuzi, na nusu vikubwa, vibaki kuwa viazi. Unga unauchanganya kwa maji ya barafu, haraka, wala huukandi kama wa chapati, maana ukiukanda unakuwa ngozi ya kiatu. Katikati unatoboa tundu la mvuke. Mezani inakwenda na njegere zilizopondwa na kabichi nyekundu ya siki, na mtu asikutishe kwa mapambo mengine.

Shule niliishia darasa la nne. Hapa nilikuja kusugua masufuria kwenye kambi ya wajenzi, na leo leseni yangu ya biashara iko ukutani, ndani ya fremu niliyoinunua sokoni Deira. Sikubebwa na mtu. Nayasema haya ili msomaji ajue nilikuwa mtu wa namna gani Jumanne nitakayoisimulia.

Kulikuwa na klabu moja ya Waingereza wazee iliyokuwa ikichukua pai zangu kila Jumamosi mchana, miaka tisa. Jiko langu lilikuwa linasimama kwa klabu hiyo. Sambusa na pilau za harusi za Watanzania wenzangu huja na kuondoka, lakini Jumamosi ilikuwa ni Jumamosi. Kisha akaletwa meneja mpya. Akapiga simu kwamba atakuja Jumanne aonje, ndipo aamue kama aendelee na mimi au achukue pai za kiwandani, zilizogandishwa.

Mimi jiko likifungwa nina nyumba Tanga. Nitakaa barazani nitazame wapitao. Aliyekuwa na la kupoteza ni mwanamke ninayefanya naye kazi, mama wa Unguja wa miaka hamsini na kitu, mjane, ana wajukuu wawili kwao wanaokula kwa mikono yake. Ukaazi wake umeandikwa kwenye leseni yangu. Jiko likifa, na yeye anafungasha. Wote wawili tulilijua hilo, na wiki nzima hatukulitaja.

Jumanne nilifika mapema, peke yangu. Magoti yalikuwa yananiuma tangu ngazi za metro. Nilikuwa nimechoka, si kwa kazi ya jana, ni ule uchovu unaoamka nao. Na kulikuwa na jambo jingine nililolificha. Tangu homa ya mwaka jana pua yangu imekufa nusu. Sikumwambia mtu. Mpishi akisema hasikii harufu, nani atakula chake? Basi nikawasha moto, nikabandika nyama, nikakaa kumenya viazi. Kidole changu kimoja kilikuwa na mkato wa kisu wa jana yake, na asubuhi ile kilikuwa kinachoma sana. Sikujiuliza kwa nini.

Saa tatu mwenzangu akaingia, kachelewa, anahema. Anakaa International City, chumba cha watu wanne, na basi la kwanza lilikuwa limejaa. Akasimama kidogo mlangoni, akanitazama, akavaa aproni.

Meneja alifika saa tano. Mtu wa miaka arobaini hivi, shati jeupe, mpole. Nikamwekea sahani mwenyewe. Pai ilikuwa nzuri kwa macho, ukingo umeshika, rangi ya dhahabu, mvuke unatoka tunduni kama inavyotakiwa. Akakata, akala. Akatafuna, akasita, akatafuna tena. Kisha akaniuliza, taratibu, kama kuna tangawizi.

Nikamwambia hakuna. Nilisema kama mtu anayeapa.

Akanisogezea sahani. Nikaonja. Pua haikuniambia kitu, lakini koo liliniambia. Ule moto wa tangawizi ulikaa pale nyuma, na uchachu wa ndimu ukaufuata.

Nikageuka. "Bibie, umetia nini kwenye nyama ya watu?"

"Mie?"

"Kuna mwingine hapa? Nyie Waunguja hamwezi kuiona nyama mkaiacha salama. Miaka minne nakufundisha, halafu siku ya leo ndiyo unakuja kunivunjia jiko."

Tulikuwa tunasema Kiswahili, lakini hasira haihitaji mkalimani. Meneja akashusha uma wake. Yule mama akajifuta mikono, akaenda kwenye pipa la taka, akainama. Akarudi na maganda ya tangawizi na vipande vinne vya ndimu vilivyokamuliwa, akaviweka mezani juu ya karatasi, mbele yangu, kama mtu anayepakua.

"Mzee wangu, mie nimeingia humu saa tatu. Nimekuta nyama inachemka, nawe unamenya viazi, unaimba."

"Naimba?"

"Unaimba. Sauti mbaya, lakini unaimba."

Nikakitazama kidole changu. Ndimu. Ilikuwa inanichoma ndimu tangu alfajiri. Mikono yangu ilikuwa imeiosha nyama, imekamua, imeponda, yote kama jikoni kwa mama yangu, na kichwa hakikuwepo. Miaka yote ile ya madam na mwiko wake, asubuhi moja ya uchovu ikaifuta.

"Harufu uliisikia?" nikamuuliza.

"Tangu mlangoni."

"Mbona hukuniambia?"

"Jikoni humu nani anakusahihisha wewe? Mwaka juzi nilikwambia unga umezidi chumvi, ukanijibu nikapike kwangu. Leo nikasema, mwenyewe kaamua kubadilisha. Mie nani?"

Meneja alikuwa ameshaitazama saa yake mara mbili. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba kosa ni langu, si la huyu mama, mkono wangu umezeeka, na arudi Alhamisi aonje tena. Sijawahi kumwomba mteja kitu. Maneno yalitoka mazito kama mawe.

Akaniambia ile pai ni tamu, hana neno. Lakini wazee wake wa klabu hawaji kutafuta utamu. Wanakuja kula Jumamosi ya kwao, ya mama zao, na hiyo haina tangawizi. Akasema Alhamisi ana jiko jingine la kuonja, atapita kwangu akipata nafasi. Inshallah, akamalizia, nao Waingereza wamejifunza kuitumia kama sisi.

Alipotoka nilikaa juu ya gunia la viazi. Nikamwambia mwenzangu habari za pua.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa."

"Na mwaka mzima unapikia nini?"

"Mazoea."

Akafikiri. "Ndiyo maana siku ile njegere zimeungua ukasema leo zinanukia."

"Ulikula."

"Nilikula kwa adabu."

Nikamwambia nimemkosea, mbele ya mgeni. Nilitaka aniambie haidhuru, kama watu wanavyosema. Hakusema. Alisema, "Umenikosea," akaosha sahani ya meneja. Kisha akakata ile pai vipande viwili, akanipa kimoja, tukala tumesimama. "Tamu," akasema. "Ingefaa kwenye hitma."

Alhamisi mwenzangu alikuja kwa teksi, kabla yangu. Akasimama nyuma yangu kama yule madam, tofauti hana mwiko. Nikakata nyama. Nikakata viazi, vidogo kwa vikubwa. Nikaibeba nyama, na sijui nilikuwa nakwenda wapi mpaka nilipojikuta mbele ya bomba, tayari kuiosha.

"Mzee," akasema.

Nikairudisha. Vitunguu akanusa yeye, mchuzi akanusa yeye. Chumvi nilitia, akaonja, akasema bado, nikaongeza. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa imechoka. Kila aliposema "bado" nilisikia nikiambiwa nimezeeka, na sikupenda, nikaongeza chumvi hivyo hivyo.

Meneja alipita saa nane, wakati tulishaacha kumtazamia. Alikula, akaimaliza, akafuta mchuzi kwa ukingo wa pai. Akasema atatupa miezi mitatu, halafu tutaona. Zamani na klabu ilikuwa ni kupeana mkono kwa mwaka mzima. Miezi mitatu si mwaka. Mwenzangu alimshukuru, mimi nikaitikia kwa kichwa, kisha nikaenda kukaa kwenye gunia langu.

Jumamosi ile tulipika pai zote za klabu. Mimi nilikata viazi. Chumvi na pilipili siku hizi anatia yeye, na leseni ikifika wakati wa kufanywa upya nitaiuliza ile ofisi inayonishughulikia makaratasi kama jina lake linaweza kuingia pamoja na langu. Sijamwambia. Inapofika zamu ya nyama anaacha anachofanya, ananitazama mikono, nami namwacha anitazame.