Uso Uliochelewa Kufika Gau

Inosi Tukana alitunza samaki wa chuo kikuu chetu hapa Suva kwa miaka thelathini na minne. Samaki wenyewe walikuwa wafu, wamehifadhiwa kwenye chupa za dawa, chupa elfu sita mia mbili na kumi na moja. Yeye alijaza dawa, mimi niliandika lebo.

Miaka miwili kabla hajafikisha sitini, ofisi ya utumishi ilimletea fomu. Chuo humlipia mstaafu meli ya kuhamishia vyombo hadi kwao, kwa hiyo walitaka kujua kwao ni wapi. Inosi alijaza ukurasa mzima, akauruka mstari huo.

"Andika kisiwa cha Gau, kaka," nikamwambia. "Si ndiko kwa mama yako?"

"Nitaandikaje, dada Losalini? Uso wangu haujapelekwa."

Nilidhani anatania. Mtu wa miaka hamsini na minane! Kwetu mtoto haingii kijiji cha mama yake kama anayeingia dukani. Watu wa baba humpeleka kwanza, na zawadi za heshima, jino la nyangumi na mikeka, wajomba wauone uso wake wampokee. Baba yake Inosi kila mwaka alisema mwaka kesho. Mama akafariki mtoto akiwa na miaka tisa, na jambo likalala. Upande wa baba hawakuwa na ardhi, maana babu yao aliletwa kutoka Visiwa vya Solomon kufanya kazi mashambani. Basi Inosi alipowaza uzee wake, aliwaza kijiji ambacho hajawahi kukikanyaga.

Alibakiwa na mjomba mmoja tu, Orisi, kaka wa mwisho wa mama yake. Mzee huyo alipiga simu kila Ijumaa saa ya chai, na kwa sauti yake chumba kizima kilisikia.

"We mvuvi wa samaki wafu! Unakuja lini?"

"Nikistaafu, mjomba. Nitakuja na kila kitu, nisiondoke tena."

"Kila kitu kipi? Nakutaka wewe. Macho yangu yameingia ukungu, utanikuta sioni kitu."

"Utanipapasa."

"Nikupapase wewe! Watu si watasema dada yangu alizaa shelisheli, napapasa kama limeiva?"

Inosi alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Lakini safari hakuifanya. Alikuwa na daftari la mipango: mikeka kumi na miwili ambayo shangazi zake walikuwa wakiisuka, mbao, mabati, mpaka bawaba za milango. Jino la nyangumi alilifungia kwenye kabati, nyuma ya papa wadogo. Alitaka safari iwe moja, apelekwe na ahamie siku hiyo hiyo.

"Niende nionekane, kisha nirudi Suva?" alisema. "Watasema nimekuja kutembea."

"Meli ipo kila wiki. Nenda Agosti hii."

"Agosti tunahesabu chupa."

"Nitahesabu mimi."

"Utakosea, dada."

Niliudhika, nikarudi kwenye lebo zangu. Ningemjibu siku ile, pengine angekwenda.

Zilipobaki siku kumi na saba astaafu, simu yake ililia Jumatano. Alikuwa Vaseva, binti wa Orisi.

"Kaka, baba ametutoka alfajiri."

Inosi alikaa juu ya sanduku la chupa tupu. "Alisema chochote?"

"Jana aliuliza meli inaingia lini."

Nilisafiri nao, yeye na shangazi zake. Mtu haingii msibani kwa mjomba wake na jino la nyangumi limefichwa mfukoni. Inosi alilitoa likawa la kumlilia marehemu, na mikeka yote ikatandikwa chini ya jeneza. Shangazi yake mkubwa alijaribu kuomba uso nao upokelewe hapo hapo. Msemaji wa kijiji akamjibu kwa upole, "Mama, leo tunazika. Mleteni mtoto zikipita siku mia."

Siku mia zikapita. Alipelekwa tena, kwa jino la kuazima na mikeka minne. Aliyempokea ni mtoto wa kiume wa Orisi, kijana wa miaka thelathini na minne, na maneno aliyasema vizuri bila kukosea. Kisha shangazi akauliza, kama watu wanavyouliza, "Haya, amefanana na mama yake?"

Kijana akawageukia wazee. Wazee wakatazamana. Mama yake Inosi aliolewa akatoka pale zaidi ya miaka sitini iliyopita, na picha yake haikuwapo. Mmoja akakohoa. Mwingine akapiga makofi, kinywaji cha kava kikaanza kugawiwa.

Inosi yuko huko mwaka wa tatu sasa, ana nyumba nzuri na bawaba hazilii. Nilipomtembelea nilimkuta amekalishwa upande wa juu wa mkeka, anakoketishwa mgeni. Chai wanampa yeye kwanza, na hakuna anayemtuma kuchimba muhogo. Mpwa kwa wajomba zake ana haki ya kuchukua kuku, hata mtumbwi, bila kuomba, nao humcheka tu. Jioni ile tulipita chini ya mnazi wa Orisi, nazi imeanguka njiani. Inosi aliiokota, akatembea nayo hadi mlangoni kwa Vaseva, akabisha hodi kuuliza kama anaweza kuichukua.