Mota ya Baba Mkwe

Kinyozi mmoja aliyeitwa Wembe, jina alilopewa kwa ajili ya ulimi wake na wala si kazi yake, aliamka Jumamosi moja na tumbo joto. Siku nyingine Wembe hukutania mpaka kisogo chako huku anakinyoa. Siku hiyo alikuwa kimya kama mwizi chini ya kitanda, jicho moja kwa mteja, jicho jingine kwenye bilauri ya maji iliyokaa rafuni kati ya pauda na spiriti.

Ndani ya bilauri mlikuwa na mota inazunguka. Usicheke. Mota ya kigari cha rimoti, ukubwa wa yai la kuku, imeungwa nyaya kwenye betri za tochi na kutumbukizwa majini. Asiyejua atauliza, umeme na maji wapi na wapi? Betri za tochi haziui hata mende, bwana. Kaa hapa nikufundishe, maana shuleni hukufundishwa, na mimi huko sikukaa sana.

Mota ya namna hii ina kaboni, vipande viwili vyeusi vinavyobana shaba ya katikati ili kuipa umeme. Kaboni mpya ina uso ulionyooka, na shaba ni ya mviringo, kwa hiyo zinagusana kwa shida tu. Ukiipa betri kubwa hapo hapo, cheche zitaruka na shaba itaungua. Ndiyo maana unaizoesha kwanza, inazunguka polepole majini mpaka kaboni ilike kidogo na kuikumbatia shaba. Kidogo, nimesema! Maji yakianza kuwa ya kijivu unaitoa, unaikausha, unaitia tone la mafuta.

Na hofu yote ya nini? Mota ilikuwa ya baba mkwe.

Mzee huyo, dereva wa trekta aliyestaafu, ndiye aliyekuwa kiboko ya wenzake kwenye mashindano ya vigari nyuma ya bohari. Kisha akaugua, mkono wa kulia ukabaki unatetemeka. Kigari akakisukumia chini ya kitanda, na mwenyewe akahamia juu ya kitanda hicho hicho. Bintiye, yaani mke wa Wembe, alibembeleza mpaka akachoka. Ndipo Wembe na mdomo wake akaingia: "Baba, gari nalitengeneza mimi. Jumamosi unaendesha."

Mzee aliutazama mkono wake kwanza. "Haya. Lakini likinizimikia mbele za watu, mkwe, usije tena kunitoa humu ndani."

Sasa unaelewa lile tumbo joto.

Basi mteja akaketi, karani mwenye haraka, na Wembe akawasha mashine ya kunyolea. Hapo ndipo alipoponzwa. Mashine ya kinyozi na mota iliyo majini zinaimba sauti moja, huwezi kujua ipi inaanza na ipi inamaliza. Alipozima mashine ndipo akasikia mota inakohoa. Maji yalikuwa meusi tii. Akaichomoa, na kaboni zote mbili zilikuwa zimelika, zimebaki kama kucha.

"Wembe, kuna nini?"

"Hamna kitu."

"Mbona umeniachia sharubu upande mmoja?"

Wembe alimaliza sharubu kwa mkono mzito, akafunga duka, akakimbilia nyumbani. Kaboni za mota ile hazikuuzwa tena mahali popote; zile zilizolika ndizo jozi ya mwisho mzee aliyokuwa ameihifadhi. Mkewe hakuwepo, ila blenda yake ilikuwepo mezani, inang'aa. Nayo pia ina kaboni. Wembe akaipasua kama kuku, akazitoa, akazichonga kwa tupa na msasa hadi zikaingia kwenye mota ya mzee. Vizuri. Lakini kaboni mpya ni kaboni mpya, lazima kuizoesha tena, na muda ndio huo umekwisha.

Ndivyo walivyojikuta kiti cha nyuma cha teksi, wanaelekea mashindanoni, mzee kashika rimoti, Wembe kabana jagi la maji katikati ya magoti na kulifunika taulo.

"Mkwe, ni nini hicho kinanguruma mapajani kwako?"

Uongo ulimjaa mdomoni, wa kila aina. Akafunua taulo.

"Nimeiharibu, baba. Niliisahau majini. Hizi kaboni nimechonga."

"Umezitoa wapi?"

"Kwenye blenda."

"Ya nani?"

"Ya binti yako."

"Anajua?"

"Nadhani sasa hivi ndiyo anajua."

Mzee hakucheka. Alitumbukiza ule mkono wake jagini, akaishika mota, akafumba macho. Maji yakamwagikia suruali ya Wembe, wala hakuthubutu kusogea.

"Bado inaparaza, kaboni hazijaikumbatia shaba," mzee alisema. "Usiitoe."

Walipofika nyuma ya bohari, mpiga kipenga alikuwa anaita magari ya raundi ya kwanza. Watu wote waligeuka kumtazama mzee. Wembe alishika waya auchomoe.

"Baba, wanatungoja."

"Nimesema usiitoe. Waite mpaka makoo yawakauke."

Raundi ya kwanza ikawapita hivi hivi, watu wananong'ona, Wembe roho mkononi. Hatimaye mzee akaigusa tena, akatikisa kichwa kukubali. Wembe akaikausha, akaitia mafuta yale yale ya mashine ya kunyolea, akaifunga kwenye gari.

Kipenga cha raundi ya pili kikalia. Gari likaondoka linayumba kama mlevi, maana mkono ulitetemeka, lakini lilivuta! Likapita moja, likapita la pili, kona ya mwisho likagonga matairi na kupinduka. Magurudumu bado yalikuwa yanazunguka hewani kwa nguvu, mota hai.

Wembe hakulitazama gari. Alimtazama mzee usoni, akitafuta kama ndiyo basi, anarudi kitandani.

"Sasa unanitazama mimi, nimepinduka mimi?" mzee alifoka. "Kimbia ukaligeuze!"

Wembe akatoka mbio, suruali imelowa, anachanganya miguu katikati ya magari ya wenzake, huku nyuma sauti ikimfuata: "Kulia! Pitia kulia, mkwe, utakanyagwa!"