Satelaiti na Dagaa wa Mama

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba aliyekariri kitabu anajua. Leo harufu ya dagaa waliolowa imenirudisha utotoni, ufukweni Katonga, kando ya ziwa.

Nilikuwa nimejisomea kitabu kilichochanika kuhusu roketi: satelaiti ya kwanza iliyolialia angani, mbwa aliyepelekwa asirudi, kisha zile zinazopiga picha mawingu. Asubuhi moja mama alisita kuanika dagaa, akafikiria kuwauza wabichi. Milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, ilionekana karibu mno, na kwetu hiyo ni dalili ya mvua.

“Redio imesema leo ni jua,” nilimjibu aliponiuliza. “Satelaiti inaona hadi nyuma ya milima, mama.”

Jirani akacheka. “Haya, mwanao keshafika mwezini!”

“Mwache, amesoma huyo,” mama alijibu kwa fahari, akawamwaga dagaa wote mchangani. Ndio tuliokuwa tukiwategemea.

Mvua ilishuka kabla ya adhuhuri. Tuliwazoa wakiwa wamejaa mchanga, wakaoza. Mama hakunigombeza.

Siku hizi picha za satelaiti ninazo kwenye simu, nazitazama mara kumi kabla sijasema neno. Mama hutazama milima yake. Haniulizi tena.