Saa ya Baba na Treni ya Saa Tisa

Tulipomaliza matanga ya baba, ukoo uliketi kugawa vitu vyake. Baba alikuwa mkagua reli. Kwa desturi yetu ya milimani, mrithi wa mwanamume ni mpwa wake, si binti yake. Jembe, baiskeli na koti vikaenda kwa mtoto wa shangazi yangu. Ikabaki saa ya mkono yenye kioo kilichokwaruzika, ambayo baba aliitia ufunguo kila asubuhi kabla ya kusali. Hiyo tu ndiyo niliyoitaka.

Binamu alikuwa na yake tayari. Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa, na pale Mikumi wachuuzi walitandaza saa za rangi ya dhahabu kando ya barabara ya malori. Aliinunua kwa bei ya mbuzi wawili. Ilikuwa nzito, na ndani yake mlikuwa na visaa vingine vitatu visivyosogea. Siku ya maziko mvua ilinyesha, naye alikunja mkono wa shati ili wafiwa tusikose kuiona.

Sasa akasema harithi saa asiyoijua thamani yake. Wazee wakaona ana hoja: zote mbili zikapimwe stesheni. Kilosa tulipima saa kwa treni. Treni ya abiria ni ya saa tisa mchana. Saa inayosema tisa treni ikiingia, hiyo ndiyo saa.

Tukaenda, wenye huzuni na wasio nayo. Treni ilipoingia, saa ya baba ilisema kumi kasorobo. Ile ya dhahabu ilisema tisa kamili. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima.

Mimi uongo haunikai tumboni. Nikasema, "Treni imechelewa. Na hiyo ya kaka imesimama kwenye tisa tangu tulipofika hapa."

"Binti mjomba," akasema binamu, "yaani treni nzima ya serikali imekosea, kisaa cha marehemu ndicho kinajua?"

Walicheka hadi mzee mmoja akakohoa. Binamu akaniwekea saa ya baba kiganjani kama anayetupa ganda la muwa. "Chukua, ulilie vizuri."

Kabla ya mavuno mkono wake ulikuwa na alama ya kijani ya shaba, lakini saa yake hakuivua. Mpaka leo akipita kwangu Magomeni hupiga hodi, hunitania kidogo, kisha huuliza, akitazama pembeni, ni saa ngapi. Namwambia. Hunigeuzia mgongo, nami namsikia akizungusha mishale ya saa yake.